Visu vya Mfukoni Vilivyonikasirisha

Nimestaafu kunoa visu. Chekeni kwanza, mkimaliza tuendelee. Nina miaka thelathini na mbili na sina mvi hata moja, lakini miaka tisa nimesimama nyuma ya meza ya kunolea kwenye duka la vyuma kule Crystal, Minnesota, mpaka kifundo cha mkono wangu wa kulia kikakataa kazi. Sasa naendesha basi la shule. Mkono umepona. Mdomo haujapona, ndiyo maana nawaandikia nyinyi vijana mnaofungua maboksi kwenye maghala, mnaokata vitunguu kwenye majiko ya watu, na kila mmoja wenu ana kisu cha kukunja mfukoni alichokinunua mtandaoni kwa sababu kilikuwa kinang'aa.

Nimeviona visu vyenu. Kila Jumapili baada ya ibada mnanivuta pembeni pale tunapoegesha magari. "Ciku, hebu niangalizie hii." Naangalia. Hasira zinapanda. Mama yangu anapiga honi niingie garini kabla sijamtukana mtoto wa mtu mbele ya kanisa.

Basi leo nazimwaga zote, na nitazimwagia juu ya kisu kimoja, kibaya kuliko vyote nilivyowahi kushika: kisu cha Anko Karanja. Hicho ndicho mdogo wangu Njoroge alitakiwa kukatia bega la mbuzi siku ya ngurario yake, mbele ya baba mkwe ambaye hakuwa amemkubali.

Nyinyi msio Wakikuyu, nisikilizeni. Kwetu ndoa haijakaa sawa mpaka ngurario ifanyike. Mbuzi anachomwa, mguu wa mbele unaletwa mzima juu ya sinia pamoja na bega lake, bwana harusi anapewa kisu, na mbele ya watu wote anakata pale kwenye kiungo na kumpa bibi harusi. Anakata kiungo, sio mfupa. Akipiga mfupa, au akianza kuchana nyama kama fisi, shangazi za msichana wanamcheka siku hiyo, wanamcheka Krismasi, na wajukuu wakizaliwa wanahadithiwa.

Na baba ya bibi harusi wetu Wairimu, Mzee Githinji, alikuwa anangojea hilo tu. Njoroge aliletwa Minnesota akiwa na miaka sita. Anaelewa Kikuyu, lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kizungu. Siku ya kwanza kwenda kujitambulisha kule Burnsville, mzee alimsalimia, akajibiwa kwa Kizungu, akamgeukia binti yake: "Huyu kijana ni wa wapi?" Akasema vile vile kwamba siku ya kiande, yaani hilo bega, ndiyo atajua kama amepata mkwe au amepata mgeni. Njoroge alirudi nyumbani akakaa kwenye gari dakika ishirini kabla ya kushuka. Mimi niliona kupitia dirishani. Tangu siku hiyo, kwangu hiyo ngurario ilikuwa vita.

Sasa. Wiki mbili kabla ya siku yenyewe, Anko Karanja akaja kwetu pamoja na Wairimu, na zawadi. Anko ni kaka ya mama yake Wairimu, mtu wa watu, mwenye kicheko cha kutingisha sufuria, na moyo wake huumia haraka kuliko wa mtoto. Ndiye aliyemlea Wairimu wakati mama yake akifanya kazi zamu mbili hospitali. Akaweka boksi mezani, akatoa kitu cheusi, akabonyeza.

Pwaa! Kikafunguka chenyewe. Mama akamwaga chai.

"Anko," Njoroge akasema pole pole, "hii ni ya nini?"

"Ya kiande! Bwana harusi wa Amerika, kisu cha Amerika. Githinji akiona hii, maneno yanaisha."

Nikakichukua. Wadogo zangu, kile kisu kilikuwa na kila dhambi. Nusu ya makali ilikuwa laini, nusu nyingine ina meno ya msumeno. Nani aliwaambia mnataka msumeno kwenye kisu cha mfukoni? Mnakata miti? Nusu laini inakuwa fupi mno kwa kazi, nusu ya meno inachana badala ya kukata, na siku ya kunoa unahitaji jiwe jembamba kama kidole cha paka na saa nzima ya maisha yako. Kwenye ubavu kulikuwa na mawimbi, ile michoro ya chuma kilichokunjwa na kufuliwa mara nyingi na mhunzi. Uongo mtupu! Yamechorwa juu kwa asidi, ukisugua kwa wiki moja yanaondoka kama hina. Mgongoni kimechongwa kifungua chupa, kwa hiyo ukibonyeza kwa kidole gumba unajiumiza. Kitakoni kina ncha ya kuvunjia vioo vya gari, inayotoboa mfuko wa suruali. Na kwenye mpini, fuvu la kichwa. Fuvu! Kwa harusi!

Nilifungua mdomo. Wairimu alikuwa amekaa kando ya anko wake, ameshika mkono wake, ananitazama huku machozi yakimlengalenga, maana ananijua. Nikafunga mdomo. Nikauliza tu, "Anko, kuna kingine?"

"Cha nini? Hiki ndicho."

Kwa hiyo kukataa ilikuwa haiwezekani. Ukimkataa Anko umemkataa Wairimu. Ilibidi kile kitu kikate.

Kabla sijafika kwenye kukata, niwaambie nilikojifunza, kwa sababu kuna watu wanadhani nilisomea. Sikusomea popote. Niliajiriwa pale dukani kutengeneza funguo. Kanisani, ambako karibu kila mtu ni nesi, wakiniuliza, "Uko hospitali gani?" nasema niko duka la vyuma, wanasema "pole," kama nimefiwa. Nyuma ya mashine ya funguo kulikuwa na mota ya kunolea yenye jiwe la kuzunguka, na mimi kwa kujitia najua nikatazama video tatu nikaanza kunolea watu. Mteja wangu wa nne alikuwa babu mmoja Mzungu anayevua samaki kwenye barafu. Aliniachia kisu chake cha kukunja, nikakibana kwenye lile jiwe mpaka cheche zikaruka vizuri kama fataki. Nilijisikia fundi. Kisha ncha ikageuka rangi ya buluu. Nikaona ni nzuri!

Mtu mmoja akaja kutoka stoo na boksi la misumari begani. Papa Byamungu, Mkongo wa Uvira, kazi yake ilikuwa kupokea mizigo. Akaweka boksi chini.

"Ma fille, binti yangu, weye unapika kisu ama unanoa?"

"Nanoa, si unaona?"

"Minaona. Imeiva tayari. Leta chumvi."

Akanielezea kwamba chuma kikigeuka buluu kimepata moto kupita kiasi, ugumu wake umekufa, na pale hakitashika makali tena. Akakaa nami siku nzima ya mapumziko yake, akaondoa ile sehemu iliyoungua kidogo kidogo kwa jiwe la mkono na maji, akachonga ncha mpya. Babu aliporudi nilimwambia ukweli. Akapitisha kisu kwenye karatasi, akasema ni bora kuliko kilivyokuwa. Tangu siku hiyo ile mota niliifunika gunia.

Papa alikuwa akitengeneza zana Uvira kabla ya kukimbia. Hapa alikuwa anabeba misumari. Baadaye tulibanana wawili kwenye meza moja, na yeyote aliyemgusa alinigusa mimi. Kuna jamaa aliwahi kuiga Kizungu cha Papa mbele ya wateja, akicheka. Nilimrudishia kisu chake nusu kimenolewa, nusu butu, nikamwambia aende akamalizie kwa meno yake. Nilikaripiwa na bosi. Ningerudia kesho asubuhi.

Haya, mengine ya haraka, maana mtanilaumu mkiyakosa. Mpini wa chuma kitupu Januari katika jimbo hili ni ujinga. Ukiutoa kwenye gari lililolala nje, unashika kama unashika barafu yenye kinyongo. Kile kijishimo cha kufungulia kwa ukucha, hebu jaribu ukiwa na glavu. Klipu ya mfukoni inayoacha nusu ya mpini nje ili watu waone una kisu, hiyo ni ya maonyesho. Na mpini uliofunikwa raba laini! Unapendeza dukani, unashikika vizuri, halafu baada ya miaka michache raba inayeyuka, inanata, inakusanya nywele na makombo, na hakuna sabuni duniani itakayoitoa. Mimi nikishika mpini wa hivyo natamani kuosha mikono mpaka kwenye kiwiko.

Chuma je? Watu wananiuliza chuma gani kizuri. Sikiliza, chuma kigumu sana kinachosifiwa mtandaoni kinashika makali muda mrefu, ndiyo, lakini makali yakiisha utakinoa na nini, mtoto wangu? Una jiwe la almasi? Huna. Una kikombe cha chai cha kunolea kitakoni, na bidii. Nunua chuma cha kawaida kinachonoleka, ukipanguse kikavu, maana chumvi wanayomwaga barabarani inakufuata hadi mfukoni na kutafuna ule msumari ambao kisu hukunjia. Tone moja la mafuta. Basi.

Turudi kwa Anko. Nilikipeleka kile kisu kwenye meza na kwa hasira nikaamua kukipa makali ya kumnyamazisha Githinji. Siku nne. Jiwe baada ya jiwe, kila moja laini kuliko la kwanza, nikamalizia kwenye mkanda wa ngozi mpaka makali yakawa kioo, ukiinama unaona pua yako. Yalinyoa nywele za mkono kabla hayajazigusa. Nikampelekea Njoroge, pamoja na miguu minne ya mbele ya mbuzi kutoka duka la Wasomali kule Cedar-Riverside. Mama akaichoma kwenye jiko la nyuma ya nyumba, theluji ikiwa bado pembeni. Papa Byamungu akaja kutazama, au kula, sijui.

Njoroge akakata. Kisu kikateleza. Akabonyeza, kikateleza tena juu ya ile ngozi iliyokauka kwa moto, kikapiga mfupa, na loki, ile inayozuia kisu kisijikunje, ikaachia. Loki yenyewe ilikuwa kibati chembamba kama kifuniko cha mkebe wa dagaa. Kisu kikajifunga. Kidole chake kiliokolewa na mafuta ya mbuzi tu, kiliteleza kutoka kabla makali hayajafika.

"Mimi siwezi," Njoroge akasema. Akaweka kisu chini. "Ciku, siwezi. Ataniaibisha huyo mzee, na atakuwa na haki."

"Haki gani? Haki gani! Wewe ni nesi, unadunga watu sindano kutwa, leo unashindwa na goti la mbuzi?"

"Si goti, ni bega."

"Ndiyo maana unashindwa, unabishana na nyama!"

Papa alikuwa amekiokota kisu, anakipitisha kwenye ukucha. Hakupandisha sauti. Hapandishi.

"Ciku. Umeipiga kioo."

"Ndio! Angalia inavyong'aa!"

"Iko bien, muzuri, kwa ndevu. Nyama ya moto inataka meno. Haya makubwa ya fabriki, ya kiwandani, hapana; ile meno ndogo haionekani. Weye umetoa yote. Ulinoa kwa ajili ya Githinji, haukunoa kwa ajili ya mbuzi."

Miaka minane kwenye kazi, na nilikuwa nimefanya kosa la mtoto: makali mazuri kuliko kazi yenyewe. Sikieni na mshike: makali ya kioo ni ya kunyolea na ya kuchonga mti. Nyama, kamba, nyanya, ngozi iliyochomwa, zote zinataka makali yaliyoachwa kwenye jiwe la kati, yenye mikwaruzo midogo inayouma. Na jambo la pili, kisu hakikati kwa makali peke yake. Kinakata kwa wembamba ulio nyuma ya makali. Kisu cha Anko kilikuwa kinene hapo kama shoka, mimi nikawa nimepamba tu ncha ya shoka.

Kwa hiyo mimi na Papa tukakaa jioni tatu tukikipunguza unene, upande huu, upande ule, mpaka yale mawimbi ya uongo yakafutika karibu na makali. Ya juu tuliyaacha, Anko asigundue. Yale meno ya nyuma hatukuyagusa. Tukamwambia Njoroge asahau kama yapo. Halafu jiwe la kati, mara kumi kila upande, bila kubonyeza, na kwisha.

Kwa loki, Papa akachonga kijiti cha aiskrimu kikawa kabari ndogo. Kisu kikishafunguka, unaichomeka kwenye ule mwanya ambamo kisu hulala kikikunjwa. Hakuna pa kurudi, kisu hakikunjiki hata ukikikanyaga. Nikaipaka rangi nyeusi kwa kalamu. Haionekani kabisa.

Na kwa Njoroge, Papa alimshikisha mguu wa mbuzi kwa mikono miwili. "Weka kisu chini kwanza. Tingisha. Unasikia pale inacheza? Ile ndiyo mlango. Huko hospitali hawakufundishi mlango?"

Njoroge akatingisha. Akafumba macho. "Hapa."

"Eh. Sasa kata pale ulisikia, usikate pale unaona."

Tulikula miguu kumi na mmoja ya mbuzi wiki hiyo. Majirani walidhani tumefungua hoteli.

Siku yenyewe, ukumbi wa Burnsville ulijaa mpaka watoto wakakaa chini. Mpango wetu ulikuwa mzuri: mimi nalala na kisu, nakifungua, naweka kabari, nakifunga kwenye kitambaa, nakileta. Sinia likaja. Nikasimama na kitambaa changu. Na Anko Karanja, Mungu ambariki, akanipokonya.

"Ngoja, ngoja! Wacha waone kinavyofunguka!"

Akatoa kisu, akachomoa kijiti changu, "hii takataka imeingia wapi," akakitupa mezani. Akakikunja. Akakiinua juu, pwaa, ukumbi mzima ukaruka, shangazi mmoja akamwita Yesu. Anko akacheka kile kicheko chake, akamkabidhi Njoroge kisu. Bila kabari. Njoroge akanitazama, uso umemwisha damu. Mzee Githinji alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwenye sinia, mikono juu ya magoti, hapepesi.

Sikufikiri. Nilipiga kigelegele. Kirefu, kutoka tumboni, nikaanza kucheza kuelekea mbele, dada wa bwana harusi ana haki ya kucheza, nani atamzuia? Nikazoa kijiti mezani nikizunguka, wanawake wa upande wetu wakaitikia bila kujua kwa nini, nikamkumbatia Njoroge, nikamshika mkono wenye kisu kama ninayemwombea. Kabari ikaingia. Ikalia, tik.

"Imekaa," nikamnong'oneza. "Tafuta mlango."

Akashika mguu, akautingisha. Akafumba macho mbele ya watu mia. Nikasikia shangazi mmoja akisema, "Huyu anasali au analala?" Kisha akaweka kisu, akavuta mara moja kuelekea kwake, ngozi ikafunguka kwa ule mlio mkavu, akavuta mara ya pili, na bega likaachia. Halikupasuka, liliachia. Akaliweka mikononi mwa Wairimu, na akasema kwa Kikuyu, kile kibovu chake, "Hili ni lako."

Kelele zilizopigwa pale sitajaribu kuziandika. Anko Karanja alikuwa analia na kumwambia kila mtu, "Ni kisu changu! Kisu changu!" Nikamwambia, "Ndio Anko, ni kisu chako," na nilikuwa tayari kupigana na yeyote ambaye angesema vingine.

Mzee Githinji akainuka. Watu wakapungua sauti. Akaenda mpaka kwenye sinia, akainama, akaangalia kile kiungo kilivyokatika, pande zote mbili, bila haraka. Akamwekea Njoroge mkono begani, akamwita "mwana wakwa," mwanangu, akauacha mkono pale. Halafu akauliza, "Nani amenoa?"

Vidole vyote vikanielekea.

Akaja kwenye meza yetu. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kisu chake mwenyewe, akanipa mbele ya mama yangu. "Hebu nitazamie."

Nikakipokea. Mpini wa raba. Ile raba. Imeyeyuka, imenata, ina pamba ya mfuko wa koti na kitu kama ganda la njugu. Ncha imevunjika, nusu nzima ni meno ya msumeno. Nilisikia maneno yakipanda kutoka miguuni, na Njoroge, kule mbele mzee alipomwacha, alisimama kama mtu anayesubiri glasi ivunjike.

Nikavuta pumzi. "Ni kisu kizuri, mzee," nikasema. "Kinataka makali kidogo tu." Huo ndio uongo mmoja niliosema katika miaka tisa ya kazi, na sijautubu. Nikageuza kikombe cha chai juu chini, nikaanza kunolea kwenye ule ukingo wa kitako usiopakwa rangi, nikiwa na gauni langu la sherehe na kila kitu.

Mzee Githinji alitazama mikono yangu mpaka nikamaliza. Akajaribu makali kwenye ukucha. Akainama kwa mama yangu, na kwa sauti ambayo meza tatu zilisikia, akasema, "Hiki kisu ni takataka, najua. Lakini huyu binti wako umemlea na adabu."

Mama akapaliwa na supu. Njoroge akacheka mpaka akakaa chini sakafuni, na suti yake, katikati ya wakwe zake.